Kilichomtetemesha Shaba

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote pale kliniki ya wanyama. Daktari alikuwa ameshamchanja paka aliyemwachia mkwaruzo mkononi, ameshamkata kucha kasuku wa mwalimu mstaafu, na ameshamweleza mama mmoja kwa mara ya tatu kwamba sungura wake si mgonjwa, ana mimba. Chai yake ilikuwa imepoa juu ya friji ya chanjo. Ndiyo kwanza ananyoosha mkono kuichukua, akamwona dada yake amesimama mlangoni na mbwa.

Dada hakuwa mtu wa kuja kliniki. Katika miaka kumi na sita ya ndoa yake alikuja mara mbili tu, na mara zote mbili alikaa ukingoni mwa kiti, macho yake kwenye saa ya ukutani. Lakini sasa mumewe alikuwa na miezi miwili kaburini, na mjane hadaiwi kurudi mapema. Hivyo ndivyo Daktari alivyojiambia.

"Mdogo wangu," Dada akasema, "Shaba anatetemeka."

Shaba alikuwa mbwa wa makamo, manyoya yake rangi ya shaba iliyosuguliwa, sikio moja limesimama na jingine limelala kama limechoka kusikiliza. Dada alimwokota mtaroni akiwa bado hajafumbua macho, akamlea kwa maziwa ya chupa. Alipandishwa mezani, akakaa kitako, akamlamba Daktari kidevuni. Hakutetemeka hata ukucha.

"Huyu mbona mzima?"

"Hapa mzima. Nyumbani ndiyo anatetemeka."

Daktari akakunja mikono ya koti. Mbwa hutetemeka kwa sababu nyingi, na kazi ni kuzifuata moja moja bila haraka, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka mkekani. Akampima joto. Hana homa. Akamfunua midomo, fizi ni za waridi na zina unyevu. Akambonyeza tumbo, akapapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, akakunja na kukunjua kila mguu, na Shaba akavumilia yote kama mgeni mstaarabu. Akauliza kama nyumbani kuna sumu ya panya. Hakuna. Anakula nini? Wali na vipande vya nyama. Analala wapi? Ndani, kwenye zulia, tangu mazishi.

"Na kabla ya mazishi?"

"Stoo," Dada akajibu, akageuka kutazama dirishani.

Daktari akachukua damu, akaipima palepale. Sukari iko sawa, ini liko sawa, figo ziko sawa. Akavua glavu. "Homa hana, maumivu hana, sumu hajala, na baridi hii ya leo haimtetemeshi hata kifaranga. Kilichobaki ni woga."

Dada akaiingiza mikono chini ya khanga yake.

Daktari akamtolea daftari jipya. "Kila akianza, andika saa aliyoanza, saa aliyoacha, na kilichokuwa kinatokea. Usimkaripie, maana hajui amekosa nini. Usimvute kutoka alikojificha. Kaa karibu yake, ubavu kwa ubavu, usimkazie macho. Pumua taratibu. Akitaka mwenyewe atakuja."

"Nikae karibu yake," Dada akarudia polepole, kama anayekariri namba ya simu.

Alipokuwa akimshusha Shaba mezani, Daktari aliona kitu shingoni, nyuma ya masikio. Manyoya yalikuwa yamelala, yamebanwa chini katika mistari minne iliyopangana. Akayapitishia kidole, yakasimama. Akaondoa kidole. Yakalala tena.

*

Wiki moja baadaye daftari lilirudi, limeletwa na jirani ya Dada aliyekuwa akipita kwenda sokoni. Daktari alilifungua akiwa amesimama.

Mistari ilikuwa saba, siku saba, kwa mwandiko uleule mdogo. Jumapili, kuanzia saa saba kasoro dakika tano mchana mpaka saa saba na nusu. Jumatatu, saa saba kasoro dakika tano mpaka saa saba na nusu. Jumanne vivyo hivyo. Mpaka Jumamosi hapakuwa na siku iliyopungua wala kuzidi dakika. Na kwenye nafasi ya kilichokuwa kinatokea, Dada aliandika neno moja siku zote saba: *Hakuna*. Lile la mwisho alilifuta mpaka karatasi ikatoboka, halafu akaliandika tena pembeni ya tundu.

Mbwa hana saa ya mkononi. Daktari alijua mbwa huweza kuzoea saa ya kulishwa, saa ya kutembezwa, saa ya mtu kurudi kazini. Na alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, nani alikuwa akirudi nyumbani saa saba mchana kula.

Shemeji yake alikuwa fundi wa kufuli. Walimwita Fundi Funguo. Sifa yake ilikuwa kwamba haujatengenezwa mlango wa kumshinda, na mwenyewe alipenda kuisema hiyo akiwa kwa watu, huku akitikisa shada la funguo kiunoni. Watu walicheka. Daktari naye aliwahi kucheka.

Jumatatu aliiacha kliniki kwa msaidizi wake, akafika kwa Dada saa sita na nusu. Jua lilikuwa kali, watoto wa jirani wanaruka kamba, redio ya mtu inasoma matangazo ya vifo. Kwenye mlango wa Dada, juu ya kitasa cha zamani, kulikuwa na vitasa vitatu vipya vinavyong'aa, kila kimoja cha aina yake. Dada alimfungulia, akavifunga hivyo vitatu nyuma yao, kimoja baada ya kingine, kisha akavivuta kuhakikisha.

"Wezi wamekuwa wengi?" Daktari akauliza.

"Kaa, mdogo wangu. Chakula kiko tayari."

Mezani kulikuwa na sahani tatu. Moja ilikuwa kwenye kiti cha kichwa cha meza, glasi imefunikwa, kijiko upande wa kulia, kimelala sambamba kabisa na ukingo wa sahani.

"Ile ya nani?"

"Mazoea tu."

Daktari akakaa sakafuni, kwenye zulia, kando ya Shaba. Mbwa alikuwa amelala usingizi, ulimi nje kidogo. Saa ya ukutani ikasogea. Ilipofika dakika tano kabla ya saa saba, Shaba akafumbua macho.

Alianza miguu ya nyuma. Kisha kiuno. Kisha mwili mzima, mtetemo mdogo, wa haraka, kama friji kuukuu inapowaka. Mkia ukaingia tumboni. Akajivuta chini ya meza mpaka ukutani. Daktari akamfuata kwa magoti, akaweka kiganja ubavuni mwake, akaanza kupumua taratibu kama alivyomfundisha Dada.

Nje, watoto waliacha kuruka kamba.

Kokoto za uani zikalia. Hatua nzito. Mtu asiye na haraka.

Kisha funguo.

Kitasa cha kwanza kikazunguka, *klak*. Daktari aliona kwa macho yake, kutoka pale chini ya meza, kile kishikio cha ndani kikijigeuza. Cha pili. *Klak*. Cha tatu kilisumbua kidogo, kikakwama, kikajaribiwa tena kwa upole, kama anavyofanya mtu anayejua kazi yake. *Klak*.

Mlango ukafunguka. Mwanga wa mchana ukamwagika sakafuni. Hapakuwa na kivuli cha mtu.

Ikaingia harufu ya mafuta ya mashine na chuma kilichosagwa. Kiti cha kichwa cha meza kikavutwa. Kikasogezwa tena. Na hapo Daktari akasikia sauti nyingine, nyembamba, ikigonga mfululizo. Akainua kichwa. Dada alikuwa amesimama kando ya sufuria, upawa mkononi, na upawa ulikuwa unagonga ukingo wa sufuria kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka. Ulitetemeka vilevile kama Shaba. Ule mtetemo mdogo, wa haraka.

Daktari aliwahi kuuona mtetemo huo. Kwenye vikombe vya chai, kwenye harusi ya binamu yao, kwenye mazishi ya mama. Aliuliza mara moja, Dada akasema ni mishipa tu, naye akampa vidonge vya vitamini.

Shaba akalia. Manyoya ya shingo yake yakabanwa chini, mistari minne. Ngozi ikavutika juu. Kisha mbwa mzima akaanza kusogea, kucha zake zikikwaruza sakafu, akiburutwa kutoka chini ya meza kuelekea stoo. Hapakuwa na kitu kilichomshika. Daktari akamkumbatia kwa mikono miwili, akajikaza, na wote wawili wakaburutwa.

"Usimshindanie," Dada akanong'ona. "Ataniumiza mimi baadaye."

Mlango wa stoo ulikuwa umeshafunguka, unawasubiri.

*

Saa saba na nusu funguo zililia tena kuelekea getini, na Shaba akatoka stoo mwenyewe, kichwa chini. Chakula cha sahani ya tatu kilikuwa palepale, hakijaguswa, ila kilikuwa cha baridi kama kimetoka kwenye friji.

Walikaa nje kwenye ngazi. Dada alisimulia bila kulia, kwa sauti ya chini, macho kwenye viatu vyake. Marehemu alianza kurudi wiki ya tatu baada ya mazishi. Kwanza harufu. Kisha kiti. Aliongeza kitasa kipya mara tatu, kwa mafundi watatu, na kila kitasa marehemu alikifungua siku ileile kama alivyofungua vyote alipokuwa hai. Alisimulia na ya zamani: kabati la chakula lililofungwa, mlango wa chumbani uliofungwa kwa nje, na siku ambazo si Shaba tu aliyelala stoo.

"Miaka kumi na sita," Daktari akasema. "Na mimi nipo mitaa mitatu kutoka hapa."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sikukwambia."

"Mbwa naye hajawahi kuniambia kitu. Lakini yeye nilimpima." Akafuta uso kwa kiganja. "Funga nguo zako. Mnakuja kwangu wewe na Shaba, leo hii."

Dada akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Siendi. Nyumba hii nimebeba maji ya kuchanganyia saruji yake kwa kichwa changu. Plasta ya jikoni nilipiga mimi. Nilimtoroka akiwa hai mara ngapi, na mara ngapi nikarudi mwenyewe? Nimtoroke na maiti?" Akamkuna Shaba kwenye sikio lililolala. "Niambie wewe uliyesoma. Mbwa akitetemeka kwa woga, dawa yake nini?"

"Unaondoa kinachomtisha."

"Na kisipoondoka?"

Daktari alifikiri. Hilo halikuwa kwenye kitabu chake chochote, lakini aliwahi kuliona, kwa mbwa waliookolewa na waliopigwa. "Basi unakaa naye. Humwambii asitetemeke. Unakaa hapo hapo, hata kama na wewe unaogopa, mpaka ajue hayuko peke yake. Kuna siku anatetemeka lakini hakimbii. Hiyo ndiyo siku anayoanza kupona."

Jirani mmoja alipita akawaamkia, wakaitika.

"Kesho njoo saa sita na nusu," Dada akasema hatimaye. "Usije na dawa yoyote. Njoo na bisibisi, ya kwangu imevunjika."

*

Siku ya pili Daktari alikuta jiko limezimwa. Masufuria yalikuwa yamefunikwa kifudifudi, makavu. Hakuna hata moshi wa chai.

Dada akapokea bisibisi, akapiga magoti mlangoni, akaanza kung'oa. Vitasa vitatu vipya. Kisha kile cha zamani, ambacho marehemu alikiweka kwa mkono wake mwenyewe siku walipohamia. Skrubu zilikuwa zimeota kutu, zikampasua kiganja, akaendelea. Alipomaliza, mlango ulikuwa na matundu manne yanayopitisha mwanga. Akaufungua hadi ukutani, akauzuilia kwa jiwe. Akaenda stoo akafanya vivyo hivyo. Mwisho akaleta viti viwili, akaviweka kizingitini, vinatazama nje.

"Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga," akasema. "Leo namwona atafungua nini."

Wakakaa. Shaba akaja akasimama katikati yao. Hakuitwa.

Saa saba kasoro dakika tano, akaanza kutetemeka.

Dada naye akaanza. Daktari alimwona akitaka kuificha mikono chini ya mapaja, kama alivyoificha miaka yote, kisha akabadili mawazo. Akaiweka juu ya magoti, wazi, akaiacha itetemeke. Daktari akaushika mmoja. Baada ya muda hakujua tena mtetemo ni wa nani.

Geti likalia. Kokoto zikalia. Hatua zikaja mpaka mbele ya ngazi. Zikasimama.

Funguo zikatikisika. Zilikuwa hewani, mbele ya nyuso zao, umbali wa mkono. Ufunguo mmoja ukachaguliwa. Ukajaribiwa. Hapakuwa na pa kuuingiza. Mwingine ukachaguliwa. Mwingine. Sauti ikaongeza kasi, funguo zote zikipekuliwa moja baada ya nyingine, haraka, haraka zaidi, kwa hasira, zikikwaruza hewa tupu.

Kisha zikanyamaza.

"Leo sijapika," Dada akasema.

Harufu ya chuma ikawafunika. Kiti cha Dada kikapigwa kikasogea nyuma, naye akakirudisha mahali pake kwa miguu. Daktari akaona ngozi ya shingo ya dada yake ikiingia ndani. Vishimo vinne upande mmoja. Kimoja upande wa pili. Vikazama. Uso wa Dada ukabadilika rangi. Daktari akarusha mikono kukamata kitu, akakamata baridi.

"Natetemeka," Dada akasema, kwa pumzi iliyobaki. "Unaona? Natetemeka. Na siondoki."

Vidole visivyoonekana vikakaza.

Shaba hakuwahi kubweka kwa marehemu. Hakuwahi hata kuonyesha meno. Alikuwa bado anatetemeka, kutoka pua mpaka mkia, mkojo unamtiririka miguuni, na akiwa katika hali hiyohiyo akanguruma. Ilikuwa sauti ya chini, ngeni, iliyomshtua na yeye mwenyewe. Akapiga hatua moja mbele. Akaruka.

Taya zilifunga kwenye kitu. Daktari alisikia. Zilifunga, chini, usawa wa kifundo cha mguu, na Shaba akang'ang'ania, miguu ya nyuma ikikwaruza ngazi, akitikisa kichwa kushoto na kulia. Kitu kikachanika. Vishimo shingoni mwa Dada vikaachia vyote mara moja, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

Hatua zikarudi nyuma kwenye kokoto. Hazikuwa nzito tena. Moja ilikanyaga, nyingine ilikuwa inaburuzika. Geti likafunguka, likabaki wazi. Mtaani watoto wakaanza tena kuhesabu kamba, kuanzia namba waliyoishia.

Shaba alibaki amesimama kwenye ngazi, kifua kinapanda na kushuka. Dada akashuka akakaa chini kando yake, ubavu kwa ubavu, hakumkazia macho. Ilichukua muda. Mtetemo ukamtoka mbwa kuanzia kichwani, ukashuka mgongoni, ukaishia kwenye miguu ya nyuma, ukakoma.

"Fungua mdomo, mzee," Daktari akasema, kwa mazoea ya kazi, akitafuta jino lililovunjika.

Meno yalikuwa mazima. Katikati ya magego kulikuwa na kipande cha kitambaa. Akakichomoa. Buluu iliyokoza, kitambaa kizito cha suti, kimelowa, kimeshika udongo mwekundu. Ukingo mmoja ulikuwa umepindwa kwa mkono, kwa uzi mweupe.

Dada alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga.

"Suruali ilikuwa ndefu," akasema. "Niliipinda mwenyewe mochari, amelala mbele yangu. Uzi wa buluu haukuwepo."

*

Daktari alikitia kitambaa kwenye kichupa cha sampuli, akakifunga, akakiweka kwenye rafu kliniki. Hakujua kwa nini. Pengine mtu aliyezoea vipimo hawezi kutupa kitu ambacho hajakielewa. Mlango wa Dada ulikaa siku tisa bila kitasa na hakuna aliyeingia. Shaba alilala mchana kutwa kizingitini, tumbo juani, watu wakimruka.

Siku ya kumi, Daktari alikuwa akiandika kadi za chanjo aliposikia kioo kinalia. *Tik, tik, tik*. Rafu ilikuwa imetulia. Chupa nyingine zote zilikuwa zimetulia. Akatazama saa kabla ya kutazama kichupa, na alikuwa ameshajua itasoma nini.

Kesho yake alikipeleka kwa Dada. Alimkuta anakula, peke yake, amekaa kwenye kiti cha kichwa cha meza, mbwa miguuni. Akakiweka kichupa mbele yake. Wakasubiri. Saa saba kasoro dakika tano, kile kipande cha buluu kikajikunja ndani ya kioo, kikajisukuma ukutani, kikaanza kutetemeka. Mtetemo mdogo, wa haraka. Udongo wake ulikuwa bado mbichi kana kwamba umechimbwa asubuhi ile.

Shaba aliinua kichwa, akakitazama, akakilaza tena.

"Nimekuja na kiberiti," Daktari akanong'ona. "Tukichome."

Dada alitafuna, akameza. Akakisogeza kichupa pembeni kidogo, kisimzuie kufikia chumvi.

"Kiache," akasema. "Na yeye ajue ilivyokuwa."